Kiongozi Ndani ya Chujio la Chai

Siku nilipokabidhi funguo za kabati la asidi, vijana wa kituo mlinipa kanga mbili, keki ngumu kidogo, na ombi kwamba niwaandikie mambo ya kazini. Keki tuliimaliza, kanga ninazivaa, ombi ndilo limenikalia rohoni. Mnajua sina mkono wa kuandika. Mkono wangu umezoea koleo. Lakini nimekaa hapa Ngokolo nikitazamana na kuku mpaka nikajikuta nakadiria uzito wa kila mmoja, nikaona bora nishike kalamu kabla sijaanza kuwadondoshea asidi.

Mshahara sitauzungumzia, kwa sababu mnaujua na mmeshanipa pole. Vyeo navyo naviruka. Niliingia naitwa Mama Kulwa, nimetoka naitwa Mama Kulwa, na katikati hapo niliwahi kuitwa Msimamizi kwa muda, ila hakuna aliyezoea, hata mimi mwenyewe.

Kazi nilianzia kwa Mzee Idrisa, sonara mwenyeji wa Tabora, aliyekuwa na duka mjini Shinyanga lenye upana wa mlango wake. Nilikwenda kama mteja. Nilikuwa na hereni moja. Ya pili ilipotea kwenye ngoma ya harusi, nikaona hii iliyobaki niiuze. Mzee Idrisa akaisugua kwenye jiwe lake jeusi, ukabaki mstari wa njano, akaudondoshea tone la asidi. Mstari ukachemka kidogo, ukatoweka. Akaniambia kwa upole, "Mama, hii ni shaba." Watu wengine hapo hulia, wengine hutukana. Mimi nikamuuliza, "Ule mstari umekwenda wapi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Wanaouza hereni ni wengi," akasema. "Wanaouliza hilo sijawaona. Njoo kesho asubuhi."

Kesho yake nikafika mapema, nikafagia duka vizuri, uchafu nikautupa barabarani, nikakaa nasubiri kusifiwa. Mzee Idrisa alipoona sakafu safi akashika kichwa. Vumbi la duka la sonara halitupwi. Lina chembe za dhahabu zinazoruka kwenye tupa, na yeye alikuwa akilikusanya mwaka mzima ili alichome. Basi siku yangu ya kwanza ya ajira niliimalizia barabarani nimeinama, nafagia njia ya umma, wapita njia wananipa pole na kazi za manispaa. Nilirudi na mchanga, maganda ya karanga na mfupa wa kuku. Mzee akavichoma vyote isipokuwa mfupa.

Kwake nilijifunza jiwe na asidi, nikajifunza kupima kwa maji, na mwisho kabisa moto, kwa sababu moto unasema kweli lakini ukishautumia mali ya mtu hairudi ilivyokuwa. Nilijifunza pia mdomo. Mzee Idrisa hakutaka kabisa nimwambie mteja kwamba mali yake ni feki. "Sema kilichomo," alikuwa akiniambia. "Akileta shaba, mwambie ni shaba. Ukisema feki umemwita mwizi, na pengine mwizi ni aliyemuuzia." Na jambo lingine alilirudia mpaka nikawa nalisikia usingizini: siku nitakayomwonea mtu huruma kwenye mizani, mizani yangu itageuka redio, kila mtu atataka impigie wimbo wake.

Mzee alipofariki duka likafungwa. Nililia sana, nikisema ukweli, kuliko nilivyolia kwa baadhi ya ndugu. Kisha nikapata nafasi katika kituo cha kununulia madini Nyarugusu, nikapanda basi na jiwe lake jeusi mkobani. Mkewe ndiye aliyenipa, akisema yeye angelitumia kupondea vitunguu saumu tu.

Nyarugusu ni mahali ambapo mtu anaweza kuingia asubuhi ana suruali moja na akatoka jioni anaulizia bei ya pikipiki, na kesho yake akaja kuulizia kama ile suruali imeonekana. Wachimbaji walikuja kutoka kila mkoa. Walitoka kwenye duara, yaani shimoni, vumbi mpaka kwenye kope, na dhahabu wameifunga kwenye karatasi ya sigara, kwenye kifuniko cha kalamu, na mmoja kwenye soksi aliyokuwa bado ameivaa. Huyo nilimwomba kwa heshima akaivulie nje.

Kulikuwa na kesi ngumu, na nyingi hazikuwa ngumu kwa sababu ya madini. Bwana mmoja alileta vipande vya njano akasema amevitoa mita nyingi chini ya ardhi. Nikamwambia, "Kaka, hili ni bomba la maji." Akakasirika, akauliza nimejuaje kwamba ni bomba bila hata kupima. Nikamwonyesha kipande kimoja. Kilikuwa bado na zile hesi za kufungia koki. Akakitazama kwa muda, akasema huko chini kuna mambo.

Mwingine alikuwa dalali, mtu wa maneno mengi, ambaye siku hiyo hakusema neno. Alikaa mbele yangu akapanua mdomo. Jino la pembeni lilikuwa la dhahabu, na alitaka kujua ni dhahabu ya namna gani. Nikamwambia mizani yangu haina nafasi ya kichwa. Akaniomba nitumie jiwe. Basi nikalisugua jiwe la marehemu Mzee Idrisa kwenye jino la mtu mzima, naye amenishika mkono kwa nguvu kana kwamba yuko kwa daktari, nyuma yake foleni inatoa ushauri. Dhahabu ilikuwa nzuri. Nikamuuliza kama anakwenda kuling'oa aje auze, akashangaa sana. Alitaka tu awe anacheka kwa uhakika.

Lakini najua mnachosubiri. Mnasubiri habari ya sarafu, na ninyi wenyewe mnaisimulia vibaya. Nimemsikia mmoja wenu akiwaambia wageni eti mimi nilimchoma kiongozi wa nchi. Sikumchoma mtu. Someni taratibu, mwache kunichafulia jina.

Chumba kilichopakana na kituo chetu alikuwa amekipanga Nkwimba, fundi cherehani. Ukuta ulikuwa mwembamba, na kwa mwendo wa cherehani nilijua kama siku hiyo wamekosana na Shija au wamepatana. Shija alikuwa mchumba wake, fundi wa makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu: kijana mrefu, mpole, aliyefanya kazi kwenye kelele siku nzima na kwa hiyo akaona hakuna haja ya kuongeza yake. Kwao ni Ibadakuli, Shinyanga, kule kwenye uwanja wa ndege. Baba yake Nkwimba, Mzee Luhende, ni mfugaji wa pembezoni mwa Nyarugusu.

Mahari ilipangwa kwa ng'ombe kama ilivyo ada. Baba yake Shija, Mzee Maganga, alipeleka wote isipokuwa watatu, na hao watatu ukame ukawachukua pamoja na karibu zizi zima. Mzee Luhende akasema harusi itasubiri. Ikasubiri mavuno, ikasubiri na mavuno yaliyofuata. Kisha akajitokeza mfanyabiashara mmoja wa Kahama, mwenye ng'ombe wengi na wake wawili, akauliza kama yule binti bado yuko nyumbani. Nkwimba alinieleza hayo huku akikata kitambaa cha mteja, na mkasi ukatoka kwenye mstari wa chaki ukaenda zake.

"Mama Kulwa, mimi Kahama siendi," akaniambia. "Nitakwenda Ibadakuli hata kama ni kwa kudandia ndege."

Asubuhi moja wakaingia kituoni. Mbele alikuwa Mzee Maganga, amevaa koti na kofia, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso ndani ya leso. Nyuma yake Shija, ameinamisha kichwa kukwepa fremu ya mlango. Kisha Mzee Luhende na fimbo yake ya kuchungia. Nkwimba hakualikwa, lakini alikuja hivyo hivyo, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni.

"Shikamooni, wazee," nikasema.

"Marahaba," akaitikia Mzee Maganga, akafungua leso zake mezani.

Ilikuwa sarafu ya kumbukumbu, kubwa kuliko sarafu za dukani, ya njano iliyokolea, na juu yake sura ya kiongozi wetu wa nchi, upande mmoja wa uso, ametazama mbali. Jina lake silitaji kwa sababu Mzee Maganga mwenyewe hakulitaja hata mara moja. Alimwita Mheshimiwa. Mzee huyu alikuwa mjumbe wa nyumba kumi kwa miaka mingi, na alipopumzika kazi hiyo majirani walichanga wakamnunulia sarafu hiyo. Karatasi yake ya maelezo ilikwishaliwa na mchwa, na hakuna aliyeisikitikia, kwa sababu kwa watu wa ukanda huu kitu cha njano kinachong'aa ni dhahabu mpaka kitakapokana chenyewe. Mzee Maganga aliamini ni dhahabu, majirani waliamini, na Shija amekua akiamini. Ng'ombe walipokuwa wanakufa watu walimshauri mzee aiuze, akawajibu kwamba Mheshimiwa hauzwi. Leo alikuwa amemleta awe badala ya ng'ombe watatu.

"Nimemwambia mkwe," akasema Mzee Luhende, "mimi nitapokea, lakini kwanza nikague."

Kwa wale msiotoka huku: ng'ombe wa mahari wanapofika, upande wa binti huwakagua mmoja mmoja, na ni aibu kuwapokea bila kulalamika. Huyu kwato, yule mzee, yule amekonda. Mzee Luhende amefanya hivyo maisha yake yote na hakuona sababu ya kubadilisha utaratibu. Akaichukua sarafu, akaipuliza, akaisogeza dirishani.

"Huyu ana jicho moja," akasema.

Mzee Maganga akashtuka. "Jicho la pili lipo! Ametazama upande."

"Ng'ombe wa jicho moja hatupokei."

"Mzee mwenzangu, huyo si ng'ombe!"

"Umemleta mahali pa ng'ombe." Mzee Luhende akaigeuza sarafu kutafuta jicho la pili, akakutana na nembo ya taifa, mwanamume na mwanamke wamesimama kila mmoja na pembe yake ya ndovu. Akatikisa kichwa. "Haya. Angalau pembe anazo."

Nkwimba alikuwa ameuma ncha ya futi yake asicheke. Shija alitazama dari. Mimi nikatoa jiwe jeusi kwa sababu kazi ni kazi, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Mzee Maganga akauliza nitasugua wapi. Nikamwambia popote, pale panapojitokeza zaidi, yaani pua. Akaifunika sarafu kwa kiganja.

"Pua ya Mheshimiwa?"

"Kwa pembeni basi, kwenye ukingo."

Ukingoni akakubali, akinisimamia kama mgambo. Mstari ukatoka wa njano, asidi ikapita juu yake, mstari ukabaki. Mzee Maganga akashusha pumzi. Lakini mimi sikushusha, kwa sababu jiwe huonja ngozi tu, na ile sarafu ilikuwa nyepesi mkononi kuliko ilivyotakiwa. Hata ile mashine kubwa ya mionzi ya soko la Geita mjini ingesoma ngozi hiyo hiyo. Nikawaambia sina uhakika na ndani.

"Ichome," akasema Mzee Luhende.

"Nani achomwe?" akauliza Mzee Maganga, amesimama.

Nikasema hatuchomi, tutapima kwa maji. Ni njia ya heshima kabisa: unapima kitu kikiwa kikavu, kisha unakitundika kwa uzi na kukizamisha kwenye bilauri ya maji, unaona kimepungua uzito kiasi gani. Uzito mkavu ukiugawa kwa ule uliopungua, dhahabu nzuri inakupa kumi na saba, kumi na nane, na kupanda. Nikakata uzi, nikaanza kufunga kitanzi. Mzee Maganga alifuatilia mikono yangu, na nilipoupeleka uzi kwenye sarafu akapiga kelele.

"Mama Kulwa! Unamnyonga!"

"Simnyongi, baba, namtundika tu."

"Kamba shingoni, halafu majini! Nitawaambia nini watu wa Ibadakuli?"

Nikajaribu kuifunga katikati, lakini sarafu haina kiuno, ikateleza. Nikatazama huku na huku nikaona chujio la chai juu ya jiko. Nikasema tutamlaza humo, nalo ndilo nitakalolitundika. Mzee Maganga akalifikiria pendekezo hilo kwa uzito wote wa ujumbe wa nyumba kumi.

"Limetoka kwenye chai?"

"Limeoshwa."

"Lioshwe tena."

Likaoshwa tena, kwa sabuni, na Nkwimba akalifuta kwa kipande cha hariri iliyobaki kwenye gauni la mtu. Nikapima chujio peke yake, kavu na majini, nikaondoa uzito wake. Kisha Mheshimiwa akalazwa chali, akashushwa polepole kwenye bilauri, na nasema kweli sijawahi kuona kituo kikinyamaza namna ile. Wachimbaji waliokuwa kwenye foleni walivua kofia zao. Mmoja akanong'ona kama kuna wimbo wa kuimba.

Nikapiga hesabu. Ikaja kumi na kidogo. Nikapiga tena kwa sababu nilitaka ibadilike. Hapa niwaambie bila kuficha: nilitaka kusema uongo. Nkwimba alikuwa amesimama karibu yangu, nasikia anavyopumua, na neno moja tu kutoka kwangu lingempeleka Ibadakuli au Kahama. Kinywani uongo ulikuwa tayari, mtamu kabisa. Lakini kesho yake mchimbaji angekuja na punje yake, na mimi ningemtazamaje?

"Ni fedha," nikasema. "Imepakwa dhahabu kwa juu. Fedha yenyewe ni safi."

Hakuna aliyeniamini. Mzee Maganga akasema maji ya Nyarugusu yana zebaki, yamekosea. Mzee Luhende naye akasema haendi kijijini kwake kuwaambia watu kwamba bilauri imesema. Alitaka kuona ndani kwa macho yake. Mheshimiwa apigwe tupa kidogo, au Mzee Maganga amchukue ashike njia yake, na Kahama si mbali.

"Tupa haimgusi," akasema Mzee Maganga, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Hapo ndipo Shija alipofungua mdomo, na alisema kwa sauti kubwa mno kwa sababu wa makarasha hawajui sauti nyingine. "Baba, tuache. Mrudishe kwenye leso, twende nyumbani. Sitaki umuumize kwa ajili yangu."

Nkwimba akamgeukia kana kwamba amepigwa kofi. Machozi yalimjaa, lakini hakumlaumu. Alimwelewa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mzee Maganga akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akavua kofia yake akaiweka mezani, akanyoosha mkono.

"Nipe tupa."

"Nitafanya mimi, baba," nikasema.

"Hapana. Akiumizwa, aumizwe na mtu anayempenda." Akaishika sarafu mbele ya uso wake. "Shikamoo, Mheshimiwa. Nisamehe. Ni mtoto."

Miwani alikuwa ameisahau Ibadakuli, kwa hiyo nilimwongoza kidole: chini ya uso, shingoni, pale kola inapoanzia. Akapiga tupa mara moja, taratibu. Akapiga tena. Ngozi ya njano ikafunguka, na ndani pakawa peupe kama sufuria mpya.

Mzee Maganga akakaa. Hakulia kwa sauti, lakini mabega yalikuwa yanacheza. "Nimemkata bure," akasema. "Nimemkata, na bado mwanangu haoi."

Mzee Luhende akainama, akauangalia ule mkwaruzo kwa karibu, akaugusa kwa ukucha. "Ulijua?" akauliza.

"Ningejua, ningemkata?"

Mzee Luhende akanyooka. Mimi nilikuwa nimemchukia mzee yule asubuhi yote, na sasa tu ndipo nilipomwona vizuri. Hakuwa na njaa ya dhahabu. Aliogopa kwamba watu wa mjini wanamchezea, kwamba minadani watamcheka eti alitoa binti kwa kipande cha bati. Alisimama pale akimtazama mwenzake analia kwa ajili ya mkwaruzo mdogo kuliko punje ya mtama, na fimbo ikawa inamzunguka mkononi.

"Mayu," akaniambia hatimaye, yaani mama kwa Kisukuma, na kwa sauti nyingine kabisa, "hicho kidonda kinazibika?"

Nikamwambia kinazibika, fedha inapokea dhahabu vizuri, ila ninahitaji dhahabu yenyewe, na ya kituo si yangu. Mzee Luhende akaingiza mkono kifuani, akatoa kifuko cha ngozi. Wafugaji wa huku wengi wana kipande mahali fulani, wachimbaji huwalipia nacho maziwa. Akadondosha mezani punje moja. Nikaisugua kwenye jiwe kwa mazoea tu, na yeye akasubiri asidi bila kununa. Ilikuwa dhahabu.

Nikaigonga kwa nyundo mpaka ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Nikaipasha sarafu kwenye bati juu ya moto mdogo, Mzee Maganga akiwa ameshika ukingo wa meza na kuuliza kila mara kama ni moto sana. Nikalaza kile kiganda juu ya mkwaruzo, nikakikandamiza kwa jiwe laini la kung'arishia mpaka kikashika na kuwa kitu kimoja na shingo. Kazi hiyo sikuwa nimeifanya tangu duka la Mzee Idrisa, na nilifurahi kuona mikono bado inaijua. Sarafu ilipopoa, pale shingoni paling'aa kuliko mahali pengine pote. Ungedhani Mheshimiwa amevaa tai mpya.

Nikampa Mzee Luhende, maana ndiye aliyekuwa anapokea. Akaiangalia mbele, akaiangalia nyuma, asiseme lolote kuhusu jicho. Kisha akamshika Mzee Maganga mkono, akamfungua vidole kimoja kimoja, akamwekea sarafu kiganjani.

"Rudi naye nyumbani," akasema. "Mimi ningemlaza wapi? Zizini?"

"Na wale watatu?" akauliza Mzee Maganga.

"Watakuja kwa miguu yao, mvua ikirudi. Harusi ifanyike sasa, barabara zikiwa bado zinapitika."

Nkwimba akapiga kigelegele kilichowatoa watu mpaka kwenye makarasha. Akamrukia baba yake, akamrukia na Mzee Maganga, na alipofika kwa Shija akakumbuka kwamba wazee wapo, akampima tu mabega kwa futi yake, eti kwa ajili ya suti. Shija alisimama wima apimwe, anacheka, haongei. Wachimbaji wa foleni wakaanza kugombania nani atapika pilau. Mimi nilijifanya natafuta kifuniko cha chupa ya asidi kwa sababu macho yalikuwa yamejaa, na asidi haitaki mtu asiyeona.

Mzee Maganga peke yake alikuwa bado amekaa. Alimsogeza Mheshimiwa karibu na macho yake yasiyo na miwani, akapitisha kidole gumba juu ya kile kiraka, polepole, akaniita.

"Mama Kulwa. Sasa ni dhahabu?"

Kituo kizima kikageuka kunisikiliza, na mizani ilikuwa hapo hapo mbele yangu. Sikuigusa.

"Hapo shingoni, baba," nikamwambia, "ni dhahabu tupu."